Kodi ya Miezi Sita na Hela ya Kila Siku

Shikamooni wakubwa zangu. Wadogo zangu, hamjambo.

Kila tukizungumzia watu wanaotumia kuliko wanachopata, maneno huishia kwenye sare za harusi na simu kubwa. Yapo hayo. Lakini leo naomba tupige hesabu ya mama lishe wa Mbagala, mtu asiyejinunulia hata soda.

Tuseme akishatoa mtaji anabaki na shilingi 15,000 kwa siku. Siku 26 za kazi zinampa 390,000. Chakula cha nyumbani, nauli, maji, umeme na mkaa ni 270,000. Kodi ni 100,000 kwa mwezi. Zinabaki 20,000. Kwenye karatasi, kipato kinamtosha.

Sasa mwenye nyumba hataki laki kila mwezi. Anataka miezi sita kwa mkupuo, laki sita. Dar es Salaam mnaijua. Na kodi ikiangukia Januari, inakutana na sare, viatu na madaftari. Ada katika shule za serikali hadi kidato cha nne ilifutwa 2016, lakini hivyo bado ni vya mzazi.

Mtaniuliza, kwa nini hakuweka laki moja moja pembeni? Aliweka. Mwezi wa tatu ukatokea msiba kijijini. Nani atamwambia kaka yake hana nauli, na hela anayo ndani? Mimi simlaumu.

Basi anakwenda kwa watu wa kausha damu, wakopeshaji wa riba kubwa. Laki sita, riba asilimia 20 kwa mwezi, yaani 120,000. Hapa nisikilizeni vizuri. Kodi imeshalipwa, kwa hiyo kila mwezi zinambakia 120,000, na zote zinakwenda kwenye riba. Miezi sita ikiisha amelipa 720,000, deni liko palepale laki sita, na mwenye nyumba anabisha hodi. Anakopa kwingine. Kuanzia siku hiyo matumizi yamepita kipato, na hakuna kitu kipya kilichoingia nyumbani mwake.

Kina mama mnaocheza mchezo wa kuchangiana hela kwa zamu, nawasihi: watu sita, laki moja kila mwezi, na zamu ya kila mmoja ipangwe mwezi wake wa kodi. Kijumbe, yule anayekusanya michango, aipeleke hela mwenyewe kwa mwenye nyumba, isipite mkononi mwa mtu mwingine. Nanyi wenye nyumba mliomo humu ukumbini, naomba mnijibu kabla hatujatoka: nani yuko tayari kupokea kodi ya mwezi mmoja mmoja?