Mwanafunzi wako Cairo anakaa na nani?

Asalaam alaykum ndugu zangu wa Mombasa, Tanga, Unguja na kote mnakonitazama. Leo niko Madinat Nasr, hapa Cairo, walikojaa wanafunzi wa Al-Azhar kutoka kwetu. Nataka kuwajibu wazazi wanaoniuliza: "Mbona mwanangu ana mwaka mzima Misri na Kiarabu bado kinamsumbua?"

Wazazi wangu, punguzeni haraka. Taasisi ya Marekani inayowafundisha lugha wanadiplomasia wake huwatengea saa 2,200 za darasani kwa Kiarabu. Kwa Kiswahili, 900 hivi.

Halafu kuna suala la kitabu. Kijana wetu amekhitimu msahafu, tajwidi anayo, sauti anayo. Lakini msahafu una fat-ha, kasra na dhuma zake, yaani alama za irabu; vitabu vya chuo havina. Anakutana na kaf, ta, ba. Ni "kataba", aliandika? Ni "kutiba", kiliandikwa? Au ni "kutub", vitabu? Asiyejua nahau hawezi hata kuusoma mstari huo kwa sauti, sembuse kuuelewa. Ndiyo maana aliyesomeshwa nahau barabara huko nyumbani humwacha mbali aliyehifadhi tu.

Anatoka darasani na Kiarabu chake fasaha cha vitabuni, anafika dukani anaulizwa kwa Kiarabu cha mtaani, "Ayiz eh?", yaani unataka nini? Mtaani jimu wanaitamka ga, qaf wanaimeza. Wengi hapo huvunjika moyo, wakajifungia na wenzao.

Na kwangu mimi hilo ndilo kubwa kuliko yote. Vijana sita wa pwani nyumba moja, jioni ugali, Kiswahili kutwa kucha, kwenye simu vichekesho vya nyumbani. Nawaelewa kabisa, ugenini mtu hutafuta watu wake. Ila nawaona pia wanaokaa na Mwindonesia na Msenegali. Hawana lugha nyingine ya kuelewana, kwa hiyo hata kugombania zamu ya kuosha vyombo ni kwa Kiarabu. Hao ndio wanaoinua mkono darasani na kumuuliza mwalimu swali bila woga.

Mama uliyeniandikia kwamba binti yako anakuja Septemba, tafadhali usimtafutie nyumba ya Waswahili watupu. Na kuanzia leo mpe gazeti la Kiarabu lisilo na irabu, aya moja kila siku, amsomee ustadhi wake kabla hajapanda ndege.