Barabara Nyeupe za Siena Hazingojei Lami

Ndugu Mwenyekiti, waendesha baiskeli wenzangu, mabibi na mabwana,

Nimeombwa nizungumzie njia za baiskeli za vilima vya Toscana, mkoa wa Italia ya kati. Kwa kuwa wengi wenu mnajiandaa kwenda huko, sitapoteza muda kueleza tofauti kati ya baiskeli ya changarawe na ile ya mashindano ya lami. Nitaanza na swali ambalo mwenzetu mmoja aliniuliza pale mlangoni, swali ambalo nimelijibu mara nyingi na bado linarudi: inakuwaje nchi tajiri kama Italia, yenye viwanda vya magari vinavyojulikana dunia nzima, iache barabara za vumbi katikati ya mkoa unaofurika watalii?

Anayeuliza hivyo amekwisha kuamua kwamba barabara ya changarawe ni barabara ambayo haijakamilika, na kwamba lami imechelewa tu kufika. Dhana hiyo ndiyo ninayopingana nayo kila ninapopewa jukwaa, na leo nitapingana nayo tena. Zile ambazo Waitalia huziita strade bianche, yaani barabara nyeupe, zinazouzunguka mji wa Siena na kupita Chianti, Crete Senesi na bonde la Orcia, ni barabara kamili. Zina tabaka la mawe yaliyopondwa, zina mgongo ulioinuliwa katikati, zina mitaro pande zote mbili, na zina watu wanaojua kuzitunza.

Niruhusuni niwasimulie jinsi nilivyolifahamu jambo hili, kwa sababu sikulipata kwenye ramani. Nilikuwa karibu na Murlo, kusini mwa Siena, tairi la nyuma limepata pancha, nimeigeuza baiskeli juu chini kando ya njia. Hatua chache kutoka nilipokuwa, mzee mmoja alikuwa akifungua mtaro kwa koleo. Nilipomaliza kuziba tyubu nilimsalimu, nikamuuliza, kwa Kiitalia changu cha wakati ule, kama magari ndiyo yaliyoiharibu barabara yake. Aliweka koleo chini, akanishika mkono, akanipeleka katikati ya njia na kunitaka nitazame kwa makini. Akasema kwamba magurudumu hayaili barabara, bali maji ndiyo yanayoila. Mvua ikinyesha, maji yakikuta mgongo wa barabara uko juu, yatagawanyika na kuingia mtaroni. Yakikuta mgongo umelala, yatatafuta mkondo katikati ya njia, yatabeba changarawe ndogo, yatabakiza mawe makubwa, na baada ya msimu mmoja hapatapitika. Kisha akaurudia mtaro wake. Nilibaki pale nikimtazama, nikaelewa kwamba ile kazi ya koleo ndiyo barabara yenyewe, na kwamba mahali palipo na mtu wa kuifanya kazi hiyo, changarawe hudumu kizazi baada ya kizazi.

Baada ya siku ile nilianza kuzitazama njia hizi kwa jicho jingine. Eneo la Crete Senesi ni udongo wa mfinyanzi, sakafu ya bahari ya kale, unaovimba ukinyonya maji na kupasuka ukikauka. Miteremko yake huporomoka na kuacha makorongo yenye kingo kali. Udongo wa namna hiyo hauna huruma na lami, kwa sababu ardhi ikisogea chini yake lami hupasuka, na lami iliyopasuka haizibwi kwa koleo. Changarawe husogea pamoja na ardhi, na greda likipita mara moja, pamoja na kifusi kidogo, njia inarudi katika hali yake. Ndiyo maana pia, kwa sehemu kubwa, njia za kale zinashikilia migongo ya vilima: juu kabisa maji hugawanyika yenyewe pande mbili, kama yanavyogawanyika kwenye mgongo wa barabara. Mtakapopita kile kipande cha Monte Sante Marie, karibu na Asciano, chenye urefu wa kilomita 11.5, mtalitambua hilo kwa mapaja yenu, maana mtapanda na kushuka kadiri vilima vinavyopanda na kushuka.

Na vijiji, je? Viliwekwa juu kwa sababu za vita na ulinzi. Miji ya Siena na Firenze ilipigana kwa muda mrefu. Mji mdogo wa Monteriggioni, wenye ukuta wa duara na minara 14, ulijengwa na Siena mwanzoni mwa karne ya 13 ili kumtazama adui kutoka Firenze akija. Siena iliishinda Firenze katika vita vya Montaperti mwaka 1260, kisha ikaangushwa mwaka 1555, na mji wa Montalcino, wenye ngome iliyojengwa mwaka 1361, uliendelea kukataa kusalimu amri hadi 1559. Utawala wa Firenze ulipoingia, nchi hii ya kusini ikakosa fedha na nguvu za kujitanua, na vijiji vikabaki ndani ya kuta zake. Mwendesha baiskeli anayeona mnara kilomita nyingi mbele yake na kuuendea saa nzima bila kukutana na kitongoji cha kisasa anafuata matokeo ya kushindwa kule.

Wingi wa njia zenyewe una sababu nyingine, nayo ni mfumo wa kilimo uitwao mezzadria, ambapo mwenye shamba alitoa ardhi na nyumba, mkulima akatoa nguvu zake na za familia yake, na mavuno yakagawanywa nusu kwa nusu. Kila familia iliishi peke yake kwenye kilima chake, na kila nyumba ilihitaji njia ya kupitisha mkokoteni wa ng'ombe. Mfumo huo haukuwa wa haki, na sitawaficha hilo ili mandhari ipendeze. Katika miaka ya 1950 na 1960 wakulima waliondoka kwa wingi kwenda viwandani, na sheria ya mwaka 1964 ikapiga marufuku mikataba mipya ya aina hiyo. Nyumba zikabaki tupu, na njia zikakosa watu wa kuzipita. Baadaye wakaja wanunuzi wenye fedha, wakazikarabati nyumba, na pamoja nao yakaja maombi ya lami hadi mlangoni. Kipande kimoja kimoja, barabara nyeupe zilianza kutoweka.

Hapo ndipo alipoingia Giancarlo Brocci, mtu wa Gaiole in Chianti. Mwaka 1997 aliwakusanya waendeshaji 92 wenye baiskeli za zamani, wakazunguka kwenye barabara nyeupe, na tukio hilo likaitwa L'Eroica. Leo huvuta maelfu kila Oktoba, na baiskeli zinazokubaliwa ni za barabarani zilizotengenezwa kabla ya 1987. Wengi huyatazama mavazi ya sufu na kufikiri kwamba ni maonyesho ya mitindo ya kale, na hilo linanikera, kwa sababu shabaha tangu mwanzo ilikuwa barabara. Brocci alitambua kwamba njia isiyopitwa na mtu haina mtetezi siku lami inapopigiwa kura. Sasa ipo njia ya kudumu ya kilomita 209, yenye vibao vyake, inayoanzia na kuishia Gaiole, na zaidi ya kilomita 100 za njia hiyo ni changarawe. Wanaoanza kabla ya alfajiri siku ya L'Eroica hupanda kwenda ngome ya Brolio katikati ya miberoshi mirefu, njia ikiwa imewashiwa taa ndogo pembeni. Mimi niliipanda nikiwa kimya, na kila mtu aliyekuwa karibu nami alikuwa kimya.

Najua kuna anayesema moyoni: wewe unataka mkulima ale vumbi ili wewe ustarehe. Pingamizi hilo nalichukua kwa uzito wote, hasa hapa kwetu, ambapo barabara mbovu inaweza kumchelewesha mama mjamzito kufika hospitali. Barabara inayobeba mabasi, malori ya mazao na wagonjwa itiwe lami, tena itiwe leo. Ninayoizungumzia ni njia inayopitwa na trekta, magari machache ya wenyeji na baiskeli, huku barabara kuu ya lami, ile ya Cassia, ikichukua mizigo na magari ya kwenda Roma. Kuzipa njia mbili hizi dawa moja ni kukosa kuzitazama.

Mkifika Siena, kabla ya kula, ingieni Palazzo Pubblico, jumba la serikali ya mji. Katika chumba cha Watawala Tisa, Ambrogio Lorenzetti alichora kati ya 1338 na 1339 picha ya ukutani ya utawala bora. Nusu ya picha ni mji, nusu ni mashamba, na kati yake kuna lango na njia inayoshuka vilimani. Wakulima wanapanda na punda waliobeba mizigo, mmoja anaswaga nguruwe mwenye mkanda mweupe, wa aina ambayo bado inafugwa huko, na matajiri wanashuka juu ya farasi kwenda kuwinda. Juu yao inaelea sura ya Usalama, yenye mbawa, na karatasi mkononi mwake inaahidi kwamba kila mtu atapita bila hofu. Serikali ya mji ule ilipotaka kuonyesha kwamba inatawala vizuri, ilionyesha barabara ya mashambani.

Mwenyekiti ananionyesha saa, kwa hiyo mashindano nitayapitia haraka. Mbio za kulipwa zinazoitwa Strade Bianche, kwa jina la barabara hizi, zilianza mwaka 2007, za wanawake mwaka 2015, na zote huishia Piazza del Campo baada ya mwinuko mkali wa Via Santa Caterina. Mwaka 2024 Mslovenia Tadej Pogačar aliwaacha wenzake pale Monte Sante Marie, akaendesha peke yake kilomita 81 hadi mwisho. Mji wa San Gimignano na njia ya mahujaji ya Via Francigena nilikusudia kuzieleza, lakini sitaweza.

Kuhusu tairi: chukueni pana, milimita 40 zinatosha, na msijaze upepo mwingi, kwani tairi gumu huruka juu ya mawe na kukosa mshiko kwenye kona. Mvua ikianza mkiwa kwenye udongo wa Crete, teremkeni polepole, na mnapopita kijijini jazeni chupa zote mbili. Ramani ziko mezani kule nyuma. Njia ya kilomita 209 nimeichora kwa wino mwekundu, na miteremko inayoishia kwenye kona kali nimeiwekea duara.