Gertrude Käsebier na Picha Iliyochanwa

Mabibi na mabwana, leo naanza na picha iliyochanwa.

Aprili 1898, Wasioux, wenyeji wa asili wa Marekani, waliokuwa wakizunguka na onyesho la Buffalo Bill la maisha ya magharibi mwa Marekani, waliingia studio ya mpiga picha Gertrude Käsebier, Fifth Avenue, New York. Aliwaona wakipita barabarani na msafara wao, akamwandikia mwenye onyesho kuwaomba. Kule kambini waligawana nguo na mapambo yao mazuri kuliko yote. Nani huenda kupigwa picha na nguo ya shambani? Lakini mama huyu, aliyeishi Colorado utotoni, alitaka mtu asiye na pambo. Akamchagua Iron Tail, akamwomba avue manyoya yake. Akavua. Siku chache baadaye akapewa picha, akaichana palepale. Ina giza mno, alisema.

Nisimwonee mama wa watu; kuvua ndiyo ilikuwa kazi yake. Studio za zama hizo zilijaa mapazia ya kuchorwa, nguzo za uongo na mitende ya vyunguni. Yeye aliyatupa yote, akabaki na mtu, kiti na mwanga. Tena hakuanza akiwa binti. Alikuwa na watoto watatu na miaka 37 alipojiunga na Pratt Institute, Brooklyn, mwaka 1889, kusomea uchoraji. Studio akaifungua akiwa na miaka 45 hivi. Mwaka 1899 nakala moja ya picha yake, The Manger, iliuzwa dola 100, na Januari 1903 mpiga picha mwenzake, Alfred Stieglitz, alizindua jarida lake, Camera Work, kwa picha za mama huyu.

Hawakudumu. Stieglitz aliona kupiga picha kwa malipo kunachafua sanaa. Mwenzake alikuwa na kodi ya studio na wateja mlangoni. Mimi hapo sina kigugumizi: niko na mama. Mwaka 1912 akajiuzulu kikundi chao cha wapiga picha, Photo-Secession.

Ila kwa Iron Tail siko naye. Alimpiga tena, safari hii na taji zima la manyoya, na mzee akaridhika. Lakini mwaka 1901, Everybody's Magazine walipoandika habari za wageni wale, picha ya Iron Tail waliyopewa kuchapisha ilikuwa ile ya kwanza.