Umeme wa upepo unaopita chini ya milima ya Pyrenees

Wazee wangu shikamooni, kaka na dada zangu habari za jioni.

Leo nataka tuongelee laini moja tu ya umeme. Ipo kati ya Ufaransa na Hispania, ina urefu wa kilomita 64.5, inaanzia Baixas karibu na mji wa Perpignan upande wa Ufaransa na inaishia Santa Llogaia, jimbo la Catalonia, upande wa Hispania, na ukitembea juu yake mwanzo mpaka mwisho hutaona nguzo hata moja kwa sababu yote imefukiwa ardhini. Nimeichagua hii kwa sababu watu wakisikia nishati jadidifu wanawaza paneli za sola na yale mapangaboi makubwa ya upepo, laini haimjii mtu kichwani, wakati mimi naamini kabisa laini ndo inaamua kama ule umeme utamfikia mtu au utapotea bure.

Hispania ina upepo na ina jua, na imejenga mitambo kwelikweli. Shida yake ni pale ilipokaa. Imezungukwa na bahari sehemu kubwa, na ukiacha jirani yake Ureno, kwa nchi kavu njia ya kuunganika na Ulaya nyingine ni kupitia Ufaransa tu, na hapo katikati imekaa milima ya Pyrenees. Laini ya mwisho kuvuka Pyrenees ilijengwa 1982, halafu ikapita zaidi ya miaka 30 hakuna nyingine, na uwezo wa kupitishiana umeme ukabaki megawati 1,400 hivi. Sasa pima hiyo kwa nchi ambayo matumizi yakipanda yanafika megawati 40,000!

Na umeme wa upepo na jua ni kama samaki wa mvuvi asiye na barafu, lazima utoke leo. Usiku upepo unavuma watu wamelala, mchana wa Aprili jua linawaka na hali ya hewa ni nzuri hakuna wa kuwasha kiyoyozi wala hita, betri na mabwawa ya kupandishia maji (umeme ukizidi unasukuma maji juu, ukipungua maji yanaachiwa yazalishe) yanahifadhi kiasi fulani tu, kinachobaki inabidi mitambo iambiwe izimwe. Mwezi wa nne 2024 bei ya umeme kwenye soko la Hispania ilishuka chini ya sifuri kwa mara ya kwanza. Yaani mzalishaji analipa ili umeme wake uchukuliwe. Ukiwa na laini ya kuvuka mpaka ile ziada inapata mtu wa kuitumia upande wa pili, na upepo ukilala basi umeme unarudi kwa njia ileile, mtambo wa gesi hauwashwi.

Sasa kwa nini waifukie? Hapa ndipo naomba mnisikilize vizuri.

Hawakuanza na wazo la kufukia. Walitaka nguzo kama kawaida, na wananchi wa yale mabonde wakakataa, wakaandamana, wakakataa tena. Mwaka 1996 serikali ya Ufaransa iliachana na mradi mmoja wa nyaya za juu baada ya upinzani wa watu wa bonde la Louron. Miaka ikaenda. Mwaka 2007 Umoja wa Ulaya ukamteua Mario Monti, yule aliyekuja kuwa waziri mkuu wa Italia, awe mratibu wa kutafuta suluhu, na 2008 suluhu ikapatikana: laini ipite chini, itumie umeme wa DC, yaani unaokwenda upande mmoja tu kama wa betri, na ifuate njia ambazo tayari zimeshavurugwa na barabara na reli. Kwenye mlima wenyewe wakachimba handaki la kilomita 8.5, upana wake mita 3 na nusu hivi, sambamba na reli ya treni ya mwendo kasi.

DC ina sababu yake, sio mbwembwe. Ukifukia kebo ya AC, yaani umeme wa kawaida wa majumbani unaogeuza mwelekeo kila mara, ya volti kubwa kwa masafa marefu, kebo yenyewe inakuwa inajazwa na kutolewa chaji mara 100 kila sekunde, mpaka inafika mahali uwezo wake mwingi unaliwa na kazi hiyo na wa kumpelekea mteja haubaki. DC haina tatizo hilo. Kwa hiyo kila mwisho wa laini wakaweka kituo cha kugeuza AC kuwa DC na kurudi, kilovolti 320, laini mbili za megawati 1,000 kila moja, na faida nyingine ni kwamba mwendeshaji anaamua mwenyewe umeme kiasi gani uende upande upi, kitu ambacho kwenye AC ya kawaida huwezi, unapita unakopata njia.

Gharama ilikuwa euro milioni 700, na milioni 225 zilitoka Umoja wa Ulaya. Ni ghali, nguzo zingekuwa nafuu zaidi kwa mbali na sitaki kuficha hilo. Lakini mahesabu ya wengi yanasahau miaka. Angalieni jirani hapa Kenya, karibu na Ziwa Turkana, mitambo ya upepo ya megawati 310 ilikamilika 2017, laini ya kwenda kituo cha umeme cha Suswa ikachelewa, ardhi na fidia zikiwa moja ya sababu, mitambo ikakaa mpaka Septemba 2018 ndo umeme ukaanza kutoka, na huku Kenya inatakiwa kulipa kwa umeme ambao haujapokea. Sisemi Turkana wangefukia, ni mbali mno na kule kuna nafasi ya nguzo. Nasema pale ambapo nguzo zitakataliwa miaka 20, linganisha bei ya kebo na hiyo miaka 20, usilinganishe na bei ya nguzo ambazo hazitajengwa.

Laini ilizinduliwa Februari 2015, uwezo wote wa kupitishiana umeme kati ya nchi hizo mbili ukapanda mara mbili hadi megawati 2,800. Juu yake shamba linalimika, ila miti yenye mizizi mirefu hairuhusiwi. Kimbunga hakiiangushi. Ikipata hitilafu kuitafuta na kuitengeneza ni kazi kubwa kuliko waya wa juu, hilo nalo ni kweli.

Bado haitoshi. Tarehe 28 Aprili 2025 Hispania na Ureno zilizimika gridi nzima, yaani mtandao wote wa umeme wa bara, na kuwasha upya kulianza kwa kusaidiwa na umeme wa Ufaransa upande mmoja na Moroko upande mwingine. Siku ile kila mtu alielewa kazi ya kuunganika na jirani. Sasa hivi wanajenga nyingine ya megawati 2,000, kilomita karibu 400, sehemu kubwa inapita chini ya bahari kwenye ghuba ya Biscay, na walipokuta korongo la Capbreton chini ya maji lina maporomoko, wakabadilisha njia wakaileta nchi kavu kwa kipande hicho, wakaifukia tena. Ikiisha watafika megawati 5,000.

Haya, nimeona mikono mingi huko nyuma, tuanze na yule mama wa kitenge cha kijani.