Filta ya 80A: Kupiga Filamu ya Mchana Chini ya Taa za Nyuzi

Karibuni. Leo tunapiga picha ya sura usiku, sebuleni, kwa kamera ya filamu. Mkanda uliomo ni wa mchana, ISO 400 (kipimo cha wepesi wa filamu kupokea mwanga), uliotengenezwa kwa mwanga wa kelvini 5500 hivi. Kelvini hupima rangi ya mwanga: ikiwa ndogo, mwanga ni wa chungwa zaidi. Taa zetu za studio ni za nyuzi, yaani balbu zenye waya unaong'aa ndani, kelvini 3200. Ukipiga hivi hivi, uso utatoka rangi ya chungwa.

Kwanza zima kila taa isiyo ya aina hii. Watu huruka hatua hii, na kwangu ndiyo yenye uzito kuliko zote. Filta haichagui, hubadili mwanga wote unaoingia kwenye lenzi. Ukiacha tyubu ya jikoni inawaka kule nyuma, sura itakuwa sawa lakini ukuta utageuka bluu.

Sasa chukua 80A, filta inayougeuza mwanga wa nyuzi ufanane na wa mchana. Tazama hapa karibu: kioo cha bluu iliyokolea, na kwenye pete imeandikwa 52. Ni milimita, lazima zilingane na mdomo wa lenzi yako. Ishike kwa pete, izungushe taratibu mpaka ikamate.

Filta hii inakula stopu 2 (kila stopu hupunguza mwanga kwa nusu), kwa hiyo filamu ya 400 inafanya kazi kama ya 100. Kamera inayopima mwanga kupitia lenzi imeshahesabu hilo, usiongeze kitu. Kipima mwanga cha mkononi kiweke ISO 100. Tulikuwa na 1/60 ya sekunde kwa f/2.8, yaani upana wa tundu la lenzi; sasa ni 1/15, tundu lilelile. Weka kamera kwenye tripodi, na mwombe unayempiga atulie.

Kwa nini tusirekebishe kwenye kompyuta? Negativu, filamu ya kusafishia picha za karatasi, inavumilia kiasi. Lakini mwanga wa nyuzi una bluu kidogo mno, hivyo tabaka la filamu linalopokea bluu linabaki na njaa, na ukilivuta baadaye vivuli vinajaa chembechembe. Filamu ya slaidi ndiyo haina msamaha: kinachotoka kwenye dawa ndiyo picha yenyewe.

Balbu za nyumbani zina wekundu zaidi, kama kelvini 2800. Ukiongeza 82C, filta ya bluu nyepesi, juu ya 80A utaumaliza wekundu huo, ila mimi huuacha, unapendeza kwenye ngozi zetu. Tyubu za ofisini zina filta yake, FL-D, yenye upinki.

Ukipeleka mkanda kusafishwa, waambie kwamba umetumia filta, na kwenye skana wazime urekebishaji wa rangi unaojiendesha.