Kitu amekuja

Jamani mnanisikia huko nyuma? Haya. Leo ni Ben Grimm, lile jitu la mawe la Fantastic Four, timu ya mashujaa wanne wa vitabu vya katuni, wengi mnamjua kwa jina la The Thing, yaani Kitu, na aliyeanza kumuita hivyo wala sio adui, ni Sue wa timu yake mwenyewe, toleo la kwanza kabisa, Novemba 1961, Stan Lee anaandika, Jack Kirby anachora. Sasa jaribu kumsimulia kwa Kiswahili uone. Unaanza vizuri tu, kitu kimetoka, kimevunja mlango, kurasa mbili tatu mbele unajikuta unasema amenuna, amejifungia, anamuwaza demu wake, na hakuna mwalimu aliyekusahihisha ngeli. Kajihamisha mwenyewe.

Watu wanasema anapendwa kwa sababu ana nguvu. Mi sikubali. Hulk, lile jitu la kijani la katuni, naye ana nguvu, ila Hulk hasira zikiisha anarudi binadamu, anatafuta suruali anaenda zake. Wenzake Ben nao hivyo hivyo, Johnny anauzima moto, Sue anaonekana tena, Reed anavutika kama mpira wa manati halafu anarudi. Ben hana swichi, analala jiwe anaamka jiwe. Na kinachouma, yeye ndiye rubani aliyesema jamani ile miale ya angani ni hatari, Sue akamwambia hakutegemea awe mwoga, basi bwana mkubwa kapandwa na hasira, karusha roketi, na miale ikawageuza wote wanne. Aliyeonya ndiye kaumia kuliko wote. Nani humu hajawahi kuburuzwa hivyo na washkaji?

Halafu kuna Alicia, mchongaji sanamu, haoni, kaingia toleo la 8 mwaka 1962. Anampapasa uso kwa vidole, anasema anahisi nguvu lakini kuna upole pia. Hapo ungedhani jamaa katulia, kumbe ndio kaanza presha mpya: je, nikipona nikawa Ben wa zamani, huyu dada atanipenda bado? Vidole vinne kila mkono, vinene kama michi, na hofu kama ya kijana wa kidato cha pili. Wamekuja kuoana 2018. Uchumba wa miaka 56, wajomba wa mahari wangeshakufa wote.

Ila mimi kilichonimaliza ni hadithi moja ya 2002. Ben anarudi mtaani kwao Yancy Street, huo mtaa Kirby kauchukua kwenye Delancey ya New York, maeneo aliyokulia na ngumi za watoto wa vichochoroni. Anamrudishia mzee mmoja mwenye duka la rehani cheni ya nyota ya Daudi aliyomwibia utotoni. Linatokea varangati, mzee anaanguka, Ben anadhani anakufa, anapiga magoti na mwili wote ule anamsomea sala ya Kiyahudi, akiikumbukia kwa shida. Mzee akizinduka anamuuliza, mbona hujawahi kusema kama wewe Myahudi, unaona aibu? Anajibu hapana, dunia ina matatizo ya kutosha, hataki watu wadhani Wayahudi wote ni majitu kama yeye.

Mzee anamkumbusha habari za Golem wa hadithi za Kiyahudi, yule wa udongo aliyetengenezwa na rabi alinde watu wake. Hakuwa zimwi yule, anamwambia, alikuwa mlinzi.

Haya, maswali. Wewe mwenye kofia, anza.