Pete ya bibi na sarafu za Mtambwe: mhadhara wa Chake Chake

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Wazee wangu, walimu, na nyinyi vijana wa skuli mliokaa chini hapa mbele, ahsanteni kwa kuitika.

Nimekuja na pete. Ni ya fedha, ina kito chekundu cha akiki, aliivaa marehemu bibi yangu mpaka siku alipofariki. Naipitisha mkono kwa mkono, kila mmoja aitazame kwenye mwanga. Hakuna hata kimoja katika pete hiyo kilichotoka kwenye udongo wa Pemba. Mgodi wa fedha hatuna, jabali la akiki hatuna.

Akiki kama hiyo huchimbwa Gujarat, India, na mafundi wa mji wa Khambhat wanaichonga hadi leo. Ikitoka ardhini mara nyingi haina wekundu huo. Fundi huianika juani, kisha huichoma taratibu kwa moto wa majivu. Ndani ya jiwe mna chembe za chuma, na joto ndilo linalozifanya ziive nyekundu. Kitu kile kile kinacholitia panga kutu ndicho kinacholipamba jiwe! Kila nikilifikiri hili nastaajabu upya. Shanga za akiki kutoka huko zimekutwa katika makaburi ya kifalme ya Ur, Iraq, ya kiasi cha miaka 4,500 iliyopita. Zimekutwa pia katika miji ya kale ya mwambao wetu.

Kabla ya madini watu waliishi na walichonacho. Kule Unguja, katika pango la Kuumbi karibu na Jambiani, wataalamu wamekuta ncha za mishale za mfupa za kama miaka 13,000 iliyopita. Wakati huo bahari ilikuwa chini na Unguja ilikuwa imeungana na bara. Pemba yetu haikuungana. Mkondo wake ni wa kina kirefu mno.

Sasa twende Mtambwe Mkuu, ng'ambo ya maji ukiwa Wete. Mwaka 1984 palifukuliwa zaidi ya sarafu 2,000 za fedha, vijisarafu vyembamba vya karne ya 11, pamoja na dinari chache za dhahabu. Kwenye zile za fedha yamo majina ya watawala wa mwambao, akiwemo Ali bin al-Hasan. Lugha yetu yenyewe inakumbuka: madini yale tunayaita fedha, na pesa nazo tunaziita fedha. Lakini thamani ya sarafu zile kwa elimu imo pale zilipolala. Lau mtu angezichimba usiku akaziyeyusha bangili, tusingelijua jina hata moja. Nawasihi sana, ndugu zangu, msichimbe magofu.

Sonara tunamsifu, na anastahili. Mimi nampandisha mhunzi juu zaidi. Fedha huyeyuka kwenye nyuzi 962 za Selsiasi; moto wa makaa na mivuo unatosha. Chuma kinataka nyuzi 1,538. Wahunzi wa zamani hawakukiyeyusha. Walipata bonge lenye matundu, wakalifua likiwa jekundu mpaka uchafu ukatoka. Mavi ya chuma yao, yaani uchafu huo ulioganda, yamekutwa Unguja Ukuu. Na mtepe, chombo chetu cha baharini cha zamani, ingawa ulishonwa kwa kamba za makumbi bila msumari, mbao zake zilichongwa kwa shoka na tezo. Bila mhunzi, akiki ya bibi ingevuka bahari kwa chombo gani?

La mwisho ni lenu, vijana. Huko Tumbe, kaskazini mwa Pemba yetu, mji wa kabla ya Mtambwe, vimeokotwa kwa wingi vigae vya vyungu vyenye mifereji membamba. Watu walisugulia humo vipande vya kombe mpaka vikawa shanga. Chungu kilipovunjika, kigae kikawa kinoo. Ukikiona kigae cha namna hiyo shambani kwenu, kiache pale pale kilipo, tia alama, umwite mtu wa Mambo ya Kale aje akione nawe.